Tumbo la Oswald Limekataa Kuuza

Mliomwonea huruma Oswald wiki iliyopita, irudisheni huruma yenu mfukoni. Iko siku mtaihitaji kwa mtu anayestahili.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: Oswald ni mfanyabiashara wa dagaa wakavu pale mwaloni Kibirizi, ufukwe wa Kigoma mitumbwi inaposhusha samaki, na ana tumbo. Matumbo tunayo sote, lakini la kwake linafanya biashara. Likipata joto, Oswald ananunua. Likipoa, anauza. Liliwahi kumkataza kununua dagaa wabichi siku moja, jioni ikanyesha mvua, dagaa wa wenzake wakaozea kwenye vichanja vya kuanikia. Ukweli ni kwamba siku hiyo alikuwa amekula maharage yaliyolala. Lakini tangu hapo hakuna aliyeweza kumwambia kitu.

Serikali ilipotangaza kulifunga ziwa kwa ile miezi ya kuwapumzisha samaki, tumbo likapata joto. Likamwelekeza anunue dagaa wote atakaowaweza, awafungie stoo, awauze watu wakishakuwa na hamu. Fedha hakuwa nayo. Mkewe Honorata alikuwa na shamba la michikichi kule Ilagala, aliloachiwa na mama yake, na Oswald alimbembeleza mpaka akaliweka rehani kwa kaka yake, Bonifasi. Makubaliano yao yalikuwa mafupi. Fedha irudi kabla ziwa halijafunguliwa, au michikichi iwe ya Bonifasi moja kwa moja.

Tulipoishia, stoo ilikuwa imejaa magunia mpaka karibu na mabati, bei ilikuwa imepanda vizuri, na Honorata alikuwa akiuliza kila asubuhi, "Leo tunauza?" Kila asubuhi mumewe alijishika kiuno, akasikiliza, akasema bado.

Basi siku mbili kabla ya ziwa kufunguliwa, alitokea Marcel.

Marcel ni mnunuzi kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Hana mbwembwe. Aliingia stoo, akafungua gunia la chini badala ya la juu, akachota dagaa, akawasugua kiganjani, akatafuna mmoja. Kisha akataja bei. Honorata, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishika kizingiti. Bei ile ingeikomboa michikichi ya mama yake siku hiyo hiyo, na kingebaki cha kutosha kumshukuru Mungu.

"Papa Oswald, miye sina maneno mingi," Marcel alisema. "Mzigo yote ninabeba. Boti inangoja paka kesho."

Na hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu Oswald mwenyewe siku hizi anapenda kulisahau jambo hili. Tumbo lilipoa. Lilipoa kabisa, akalishika, akatabasamu. Kwa sheria aliyojitungia mwenyewe, ilikuwa saa ya kuuza. Alianza hata kunyoosha mkono.

Ndipo Nassib akapita nje.

Nassib ni mfanyabiashara wa Ujiji, mtu wa kanzu safi na salamu ndefu, na anajua kumuudhi mtu bila kupandisha sauti. Mwaka jana Oswald aliuza mapema mno, bei ikaja kupanda akiwa hana hata gunia la kukalia. Nassib akampa jina, Bwana Mapema. Jina likashika. Wachukuzi wakalichukua, wauza maji wakalichukua, hata padri aliwahi kuteleza akamwita hivyo.

"Bwana Mapema," Nassib alisalimia kwa adabu zake zote. "Naona leo tena umewahi." Akaendelea na safari yake kwenda kunywa chai.

Mkono wa Oswald ulikwama hewani. Joto likampanda kutoka kifuani mpaka masikioni, na yeye, kwa akili yake, akaamua kwamba limetoka tumboni. Hasira ya mwaka mzima aliipokea kama ushauri wa biashara. Nimewahi kuona wajinga wengi pale mwaloni, lakini wengi wao wakikasirika wanajua kuwa wamekasirika.

Alimwambia Marcel kwamba tumbo limekataa. Marcel akamtazama mtu mzima yule, akamtazama mkewe, akatoka bila kubishana.

"Baba Esther," Honorata alisema, "tumbo lilipoa. Nimekuona."

"Limepata joto tena."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Alipopita Nassib."

Oswald akamwambia kwamba wanawake hawayaelewi mambo haya. Akafunga stoo kwa kufuli mbili.

Sasa alikuwa na tatizo. Alikuwa amekwisha kataa, na sababu hakuwa nayo. Tangazo la serikali lilikuwa limebandikwa kila mahali, siku ya kufunguliwa ziwa inajulikana, na ziwa likifunguliwa dagaa wapya watamwagika na bei ya wakavu itaanguka siku ile ile. Njia ya kupona ilikuwa moja tu: ziwa lisifunguliwe. Kwa hiyo Oswald akaanza kuhisi kwamba ziwa halitafunguliwa. Angalieni alivyopanga mambo. Kwanza ametenda, kisha ndipo anatafuta hisia ya kufanana na alichotenda.

Alikwenda kwa Sia, afisa uvuvi, binti wa Kilimanjaro aliyehamishiwa Kigoma na ambaye hana utani na mtu kazini. Oswald alizunguka sana. Aliuliza habari za nyumbani, za baridi ya kwao, za kazi, mwishoni akauliza kama kuna jipya kuhusu tarehe.

Sia alifumba macho. Akageukia dirishani huku ameshika shavu.

"Tangazo ni lile lile, mzee wangu," alisema polepole.

Jino lilikuwa likimuua. Gego la nyuma, lililomnyima usingizi tangu Jumapili, na alikuwa akisubiri gari la kumpeleka hospitali. Angemjibu vile vile hata aliyemuuliza jina lake. Lakini Oswald alitoka pale anatetemeka kwa furaha. Alikuwa ameona kwa macho yake mtumishi wa serikali akisita, akikwepa kumtazama, akiongea kwa shida, na kwake mtu anayekwepa macho anaficha kitu. Shavu lililovimba hakuliona. Hakwenda kuangalia mashavu.

Alipofika mwaloni alipitia kwa Winfrida. Winfrida ni mama lishe, anauza chai na chapati pale wanapopakia mizigo, na kila mtu wa Kibirizi hukaa kwenye benchi lake angalau mara moja kwa siku. Oswald aliinama, akapunguza sauti.

"Usimwambie mtu," alisema. "Ziwa halifunguliwi. Nimetoka ofisini sasa hivi."

Kutoka ofisini, ametoka kweli. Habari ya ziwa kutofunguliwa, ameitoa kichwani. Aliziweka sentensi mbili jirani, akaachia watu waziunganishe wenyewe. Halafu akaagiza chapati mbili na kuzila kwa hamu, kwa sababu dhamiri ya Oswald haijawahi kumzuia kula.

Usiku alimpa Honorata habari hiyo hiyo, akasema ni ya uhakika; Honorata akamwita mpumbavu, wakagombana. Asubuhi yake Honorata hakumwekea chai. Alijifunga kitenge, akasema anakwenda Ilagala kumwangukia kaka yake ampe angalau wiki moja. Walikuwa wamenuniana, kwa hiyo hakuna aliyemwambia mwenzake apige simu akifika. Akapanda boti ya abiria, akaondoka.

Haikufika saa nne, mchukuzi mmoja akamuuliza Oswald kama ni kweli ziwa haliachiliwi. Oswald akauliza kwa mshangao amesikia wapi. Amesikia tu. Baada ya kidogo akaja mvuvi, yeye ameambiwa na mtu wa Ujiji aliyeambiwa na mtu wa ofisini. Adhuhuri habari ilikuwa imekwisha fika Dodoma na kurudi, ina tarehe mpya, na ina sababu: samaki hawajakua. Kijana mmoja aliapa kwamba ameona barua.

Mtu mwenye akili timamu angeutambua uongo wake hata umebadilishiwa nguo. Oswald hakuutambua. Alisikiliza watu wakimsimulia maneno aliyoyasema mwenyewe jana yake kwenye benchi la Winfrida, na machozi yakamlengalenga. Alijiona nabii. Alikuwa ameyahisi haya kabla ya dunia nzima, na sasa dunia inamfuata. Kwamba yeye ndiye aliyeianzisha safari yenyewe halikumpitia kichwani, au lilipita haraka sana na hakulisimamisha.

Mchana bei ilipanda, na ilipanda kweli, kwa sababu watu wanaoogopa kukosa hununua. Vijana wa mwaloni wakamzunguka. "Mzee, tupe madini," wakamwambia, na yeye akakaa kwenye benchi miguu imepishana, akawafundisha. Aliwaambia biashara ni hisia. Aliwaambia wasomi wanashika kalamu lakini hawajui kuusikiliza mwili. Aliwaambia hofu na tamaa ni adui wa mfanyabiashara, na hilo ni kweli, nami nakubaliana nalo kabisa. Kilichonichefua ni mdomo lilikotoka.

Marcel alirudi. Boti yake ilikuwa imekwisha pakia mizigo mingine, imebaki nafasi ya stoo moja. Akaongeza bei. Wasomaji, aliongeza. Ilikuwa bei ambayo Oswald hakuwahi kuiota, na angeweza kuipokea, akawa tajiri kwa uongo wake mwenyewe, na mimi leo nisingekuwa na la kuandika.

"Ni mara ya mwisho, Papa Oswald."

Oswald akacheka. "Mbona umeongeza? Ungekuwa huogopi usingeongeza. Kesho utaongeza tena."

"Miye siogope kitu," Marcel alisema. "Miye niko na boti, na boti inaenda."

Akaenda zake. Jioni injini ilisikika ikitoka. Oswald aliitazama ile boti mpaka ikawa kidoa, bado anatabasamu, anapiga hesabu ya siku ambayo Marcel atarudi kupiga magoti. Moyoni alikuwa ameshamtazama Nassib usoni mara kadhaa na kumwambia jambo la kumkomesha. Kila mara alilibadilisha kidogo likawa tamu zaidi.

Kulipokucha, siku ya ziwa kufunguliwa, alikuja Sia.

Alikuja amepakiwa kwenye pikipiki, kipaza sauti mkononi, shavu limetuna na pamba mdomoni. Jino lilikuwa limeng'olewa. Kwa maneno yaliyokuwa yakitoka upande mmoja, aliwatangazia wavuvi na wafanyabiashara wote kwamba ziwa linafunguliwa jioni ya leo kama ilivyopangwa, kwamba hakuna tarehe nyingine, kwamba hakuna barua, na kwamba aliyeeneza uvumi ule anatafutwa na akipatikana atapelekwa anakostahili. Kisha pikipiki ikaendelea kando ya ufukwe, na tangazo likaendelea.

Mwalo mzima ulilipuka kwa shangwe. Wavuvi walitoa nyavu, wakatoa taa, wakaanza kusukuma mitumbwi kabla hata ya kumaliza kupeana mikono. Wanunuzi waliokuwa wakigombania magunia tangu jana walifunga pochi zao. Kwa nini ule dagaa wa miezi mitatu wakati kesho kuna wa usiku wa leo? Mmoja aliyekuwa amekwisha lipia gunia alikuwa akibishana arudishiwe fedha yake.

Oswald alimpigia Marcel. Marcel alipokea, akamsalimu vizuri, akamwambia ameshafika kwao.

Alijaribu wengine. Aliteremsha bei, akaiteremsha tena, akaenda kumsimamisha mtu ambaye juzi alikuwa hamjibu salamu. Watu walikuwa wakimpita huku wakitazama ziwa. Vijana wa madini hawakuonekana. Kwa mara ya kwanza katika hadithi hii alikaa chini juu ya mchanga, na pale, nataka nimpe haki yake, aliona alichokifanya. Aliona kwamba hakuna kilichomwambia chochote. Alikuwa amechomwa na jina la utani, basi. Aliona michikichi ya mama mkwe wake, na Bonifasi akipita katikati yake na panga la kukatia mikungu.

Akaamua kumwambia mkewe. Aliyapanga maneno kabisa: atamwambia kuhusu Sia, kuhusu benchi la Winfrida, kwamba uvumi ni wake. Labda wakienda wote wawili kwa Bonifasi, wakapiga magoti, kaka mtu atawavumilia mpaka msimu ujao. Lilikuwa wazo zuri. Lilikuwa wazo lake la kwanza zuri tangu tumjue, na alikuwa akilirudiarudia midomo ikitikisika pale kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kilipoingia mwaloni kutoka barabara ya Ujiji.

Honorata alikuwa amekaa mbele na dereva. Alikuwa anacheka.

Aliteremka, akaja moja kwa moja mpaka mbele ya mumewe, na mbele za watu wote akapiga goti moja, kama alivyofundishwa na mama yake.

"Nilikuita mpumbavu, Baba Esther. Nisamehe."

Oswald alifungua mdomo aanze kukiri. Hakupewa nafasi.

Honorata alikuwa na mengi ya kusema na aliyasema kwa furaha, bila kupumua. Kwenye boti ya Ilagala abiria wote walikuwa wakizungumza jambo moja tu, kwamba ziwa halifunguliwi. Alipofika, wavuvi wa Ilagala walikuwa wanarudisha nyavu ndani. Hata Bonifasi, ambaye haamini mtu, alikuwa ameambiwa. Ndipo akaona aibu. Mumewe alimwambia na yeye akamnyima chai. Basi badala ya kuomba wiki moja, alimwambia kaka yake achukue shamba lote, moja kwa moja, amwongeze fedha ya tofauti. Bonifasi hakusubiri aambiwe mara mbili, na walikwisha kutia saini mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Kwa fedha ile amenunua magunia mengine, kwa bei ya leo asubuhi, kabla haijapanda zaidi.

"Kwa nani?" Oswald aliuliza, ingawa alikuwa akiyaona magunia juu ya kirikuu na uzi wa kijani ulioshona mdomo wa kila gunia, ambao ni mfanyabiashara mmoja tu huutumia, alikuwa akiujua vizuri.

"Kwa Nassib, pale Ujiji. Ameniuzia yote aliyobakiwa nayo." Honorata alitabasamu. "Na alivyo muungwana, amenisaidia mpaka kupakia. Kasema nikusalimie."

Watu waliokuwa karibu walianza kutazama miguu yao. Mchukuzi mmoja alikohoa. Honorata akaanza kuwatazama mmoja mmoja, na tabasamu likapungua taratibu, kwa sababu nyuma yao aliona mitumbwi ikisukumwa majini, nyavu zikipangwa, taa zikijaribiwa. Na kutoka upande wa pili wa ufukwe, pikipiki ilikuwa inarudi. Sauti nzito ya Sia ilikuwa ikirudia, linafunguliwa jioni ya leo, linafunguliwa jioni ya leo.

Hakulia. Ningependa niwaambie alilia, ingekuwa rahisi kwangu. Alisimama wima, akakung'uta mchanga gotini.

"Habari ile ulinipa juzi wakati tunagombana," alimwambia mumewe. "Ukasema ni ya uhakika. Uliipata kwa nani?"

Sia alikuwa amefika. Alizima kipaza sauti, akateremka kwenye pikipiki, kwa sababu swali lile ndilo lililokuwa limemtoa kitandani na shavu lake. Watu wakasogea. Maneno ya Oswald yalikuwa pale pale kwenye ulimi, yamepangwa tangu asubuhi, mafupi na ya kweli. Kilichobaki ni kuyatoa.

Akamtazama Sia. Akawatazama wachukuzi. Nyuma kabisa aliiona kanzu nyeupe, Nassib amekuja kufuata salamu zake.

"Winfrida," Oswald alisema. "Niliambiwa na Winfrida."

Winfrida alikuwa pembeni na birika la chai, anamimina. Aliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika, mwenye kikombe akaruka. Kisha akaliweka birika chini, akajifuta mikono kwenye kanga yake, akapita katikati ya watu bila haraka mpaka akasimama mbele ya afisa uvuvi. Ana watoto wanne na benchi moja, na lile benchi limo mwaloni kwa ruhusa ya ofisi ile ile.

"Madam," alisema, "kabla hujaniandika jina, muulize juzi alipotoka ofisini kwako alikaa wapi, na alisema nini."

Sia akamgeukia Oswald, lakini Honorata alikuwa amewahi. Alikuwa amesogea karibu na mumewe kiasi kwamba kama angetaka kudanganya tena ilimbidi amdanganye akiwa anamtazama machoni, na safari hii hakumwita Baba Esther.

"Oswald," alisema. "Jibu."